Tembo wa Mwagusi: namna ya kuwatazama Ruaha ukiwa na gari lako mwenyewe

Mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, mto Mwagusi hauna tone la maji linaloonekana. Ni mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, na katikati yake jike mkubwa wa tembo anachimba. Anaparua kwa mguu wa mbele, anachota mchanga kwa mkonga, anautupa pembeni, anaparua tena. Shimo likishakuwa refu anatulia, anaacha maji yajikusanye chini. Ya kwanza yana mchanga. Anayavuta na kuyamwaga. Ya pili nayo anayamwaga. Yakishatakata ndipo anapokunywa. Ndama wamejibana nyuma yake, na swala pala wako ukingoni wanangoja, kwa kuwa tembo wakiondoka kisima kile kitakuwa chao.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari na siku nne, anayetaka kuyaona haya kwa macho yake bila kukodi gari la watalii. Inawezekana, na si lazima uwe tajiri. Nimeingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa gari langu mara nyingi tangu nilipohamia Iringa kufundisha. Safari ya kwanza nilifanya kosa ambalo lingeweza kutugharimu maisha, mimi na mke wangu. Nitalieleza mahali pake.

1. Chagua mwezi kabla ya kitu kingine chochote

Ruaha ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Wakati huo nyasi ni ndefu, maji yapo kila mahali na tembo wametawanyika. Makorongo hujaa ghafla, na udongo mweusi unashika tairi kama ugali wa moto. Mwenye gari moja, bila gari la pili la kumvuta, asiende.

Nenda kati ya Julai na Oktoba. Kadiri kiangazi kinavyosonga, ndivyo tembo wanavyobanwa kandokando ya mito michache: Ruaha Mkuu, Mwagusi, Mdonya, Jongomero. Mimi hupenda Septemba. Oktoba tembo ni wengi zaidi mitoni, lakini joto lake ni kali, na kama una watoto wadogo ndani ya gari fikiria mara mbili.

Ujue pia unachokitazama. Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kila kiangazi, kwa sababu maji ya bonde la Usangu yanachukuliwa kwa kilimo cha umwagiliaji kabla hayajafika hifadhini, na ardhioevu ya Ihefu, iliyokuwa ikiyatunza na kuyaachia polepole, imedhoofika. Mchele wa Mbeya tunaousifu mezani, mwingi unatoka Mbarali, huko huko juu ya mto. Simlaumu mkulima anayelisha watoto wake. Lakini ninapomwona tembo anachimba kwenye mto mkuu wenyewe, mto uleule unaopeleka maji Mtera na Kidatu kutuzalishia umeme, moyo unaniuma, na ningependa na wewe ukae pale ukijua.

2. Gari na vilivyomo

Unahitaji gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Land Cruiser ya zamani iliyotunzwa ni bora kuliko gari jipya la mjini lenye tumbo karibu na ardhi. Wiki moja kabla, lipeleke kwa fundi unayemwamini, mwambie unaenda porini, na usimame hapo hapo akikagua rejeta, mikanda, breki, betri na mipira ya maji. Betri ndiyo watu wanayoisahau. Kutazama tembo ni kuzima na kuwasha gari mara ishirini kwa siku, na betri iliyochoka itakuangusha mbele ya kundi.

Hesabu ya mafuta ni hii. Kutoka Iringa mpaka Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130. Kwenda na kurudi ni 260. Ndani ya hifadhi utazunguka kilomita 80 hadi 100 kwa siku, kwa hiyo siku nne ni 400. Jumla ni kama 660. Kwa mwendo wa polepole na gia za chini, gari langu la dizeli linakwenda kilomita 7 kwa lita moja. Hapo unahitaji lita 95, nami huongeza dumu la lita 20 ambalo sitaki kuligusa. Jaza tangi Iringa mjini. Usiende ukitegemea kwamba utapata mafuta mbele.

Vingine ninavyopakia: spea tairi mbili, jeki na ubao wa kuiwekea ili isizame mchangani, pampu ya upepo inayotumia betri ya gari na kipimo chake, beleshi, kamba nene ya kuvutia, vipande viwili vya zulia gumu vya kulaza chini ya matairi, lita 10 za maji kwa kila mtu kwa siku pamoja na dumu la ziada la gari, sanduku la dawa, tochi, na ramani ya karatasi. Weka ramani kwenye simu pia kabla hujaondoka, maana ukishaiacha Msembe mtandao ni wa kubahatisha. Vyakula vifunge kwenye makapu na makopo, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Nguo zisiwe za bluu wala nyeusi. Rangi hizo zinawaita mbung'o, na mbung'o wa Ruaha wanauma juu ya shati.

Darubini kila mtu awe na yake kama mnaweza. Ukiwa na darubini nzuri huhitaji kusogea, na kutosogea ndiyo kazi yenyewe.

3. Njia

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500. Barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na tembo huvuka pale mchana na usiku. Punguza mwendo, usisimame kupiga picha katikati ya malori. Panda mlima wa Kitonga mchana, ulale Iringa.

Asubuhi toka mapema kuelekea Idodi na Tungamalenga. Barabara hii imekuwa kwenye ujenzi, basi ulizia hali yake Iringa siku hiyo hiyo. Tungamalenga ni mahali pa kusimama, kunywa chai na kuuliza. Salimia kwanza. Mzee wa Kihehe ukimwambia "Kamwene" kabla ya swali lako, atakueleza korongo gani limekatika na jana usiku tembo walipita shamba la nani. Vijiji hivi vimetenga sehemu ya ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori kupitia jumuiya ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Tembo hawajui mpaka wa hifadhi, na anayelipa kwa mahindi yake ni mwanakijiji. Nunua kitu hapo, hata kama ni nyanya na mkaa tu.

4. Malipo na sheria

Hifadhini hakuna malipo ya noti mkononi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Uliza kiingilio chako kinahesabiwa kwa saa ngapi. Mwananchi wa Afrika Mashariki alete kitambulisho ili atozwe kiwango chake. Weka nafasi ya kambi au banda Msembe mapema kama unakwenda wakati wa likizo.

Sheria ni chache: usizidi kilomita 50 kwa saa, usitoke nje ya barabara, usishuke ndani ya hifadhi isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, usiendeshe usiku, usipige honi, usirushe droni bila kibali, usilishe mnyama. Mimi mwenyewe sizidi 25 kwa saa. Tembo ni mkubwa lakini akisimama ndani ya kichaka, rangi yake ya udongo inamficha kabisa, na utamwona mkiwa mmeshafika ubavuni kwake.

5. Siku ya kwanza usimtafute tembo

Ushauri huu watu huupinga, kisha baadaye hunishukuru. Siku ya kwanza zunguka ukitafuta alama zao. Pita polepole kandokando ya mto, tazama kwa dirishani, jiulize wanakunywa wapi na wanateremkia wapi.

Njia ya tembo ni pana, imelainika, haina mawe yaliyosimama, na inateremka ukingo mahali ambapo mwinuko ni mdogo. Pembeni utaona mavi. Yaliyo meusi na yenye unyevu ni ya leo. Yaliyokauka na kupauka ni ya zamani. Unyayo wa mbele ni wa duara, wa nyuma ni wa mviringo mrefu. Ukiona unyayo wa mbele umechapwa vizuri kwenye vumbi, kadiria mzingo wake: mara mbili ya mzingo huo ndiyo kimo cha tembo begani. Tazama mibuyu. Iliyochunwa magome na kubaki na majeraha ya rangi nyepesi, tembo waliitafuna kwa ajili ya unyevu uliomo. Tazama migunga mikubwa ya kando ya mto nayo. Kiangazi inapoangusha maganda yake yenye mbegu, madume huja kuitikisa kwa paji la uso, na maganda hunyesha kama mvua.

Jioni, ukiwa kambini, weka alama kwenye ramani: hapa wanateremka, hapa wanachimba, hapa kuna kivuli nje ya njia yao. Kesho utakwenda kukaa.

6. Kuegesha

Sasa nieleze kosa langu. Safari ya kwanza niliona kivuli kizuri ukingoni mwa Mwagusi, chini yake pamefagiliwa pakawa kama kiwanja. Nikaegesha pale, pua ya gari ikiangalia mtoni, nikazima, nikashika darubini. Sikujiuliza nani alikuwa amepafagia. Baada ya kama nusu saa mke wangu alisikia tawi likivunjika nyuma yetu. Nilipogeuka, nyuma ya gari palikuwa pamejaa tembo. Mkono wangu ulikwenda kwenye ufunguo.

"Baba Neema, usiguse," mke wangu alisema kwa sauti ya chini sana. "Kaa kimya."

Jike aliyeongoza hakuwa na pembe hata moja. Alikuja mpaka usawa wa mlango wangu, akasimama, masikio yamefunguka yote, na ndama wake nyuma ya mguu. Mbele yetu palikuwa na ukingo wa kushuka ambao gari lisingeuweza. Nyuma palikuwa na kundi. Alitikisa kichwa mara moja, masikio yakapiga mwili wake kwa kishindo, na vumbi likaingia dirishani. Kisha kundi zima likatuzunguka kupitia kwenye miiba, kila mama amemweka mtoto wake upande wa mbali na gari. Wao ndio waliotuachia njia. Jioni nilimsimulia askari wa hifadhi pale Msembe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," aliniambia, "ulikaa mlangoni kwao. Tembo hafuatwi, na njia yake haizibwi. Anasubiriwa pembeni."

"Nimekosea, afande," nikamjibu, na tangu siku hiyo ninaegesha hivi:

Nasimama angalau mita 50 pembeni ya njia yao, bado nikiwa juu ya barabara ya hifadhi. Gari linaelekea kule nitakakotokea, si kule ninakotazama. Shingo ndiyo inageuka. Nahakikisha sina mti, shimo wala gari jingine nyuma yangu. Natazama vumbi na majani kujua upepo unakwenda wapi, kisha nakaa upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwangu, kwa sababu tembo haoni mbali sana lakini pua yake inasoma kila kitu. Nazima injini kabla hawajafika. Ukizima au kuwasha wakiwa karibu, unawashtua.

Halafu redio kimya, simu kimya, milango haifunguliwi, mikono ndani. Ukifika saa tatu asubuhi, jiandae kukaa mpaka saa saba. Mara nyingi saa mbili za kwanza hazina kitu ila njiwa na nyani. Wengi huwasha gari hapo na kuondoka, wakakosa. Tembo mzima anaweza kunywa lita 100 hadi 200 kwa siku. Kiangazi hana budi kuja.

7. Soma mwili wake

Hii ndiyo sehemu ya kusoma mara mbili.

Tembo aliyetulia masikio yake yanapepea taratibu, kwa ajili ya kupoza damu. Mkia unaning'inia na kuyumba. Anatafuna. Ndama anayelala chini ubavuni huku mama yake amesimama juu yake ni dalili kubwa ya utulivu. Ukiiona, umeegesha vizuri.

Akianza kukuhisi, jambo la kwanza ni kwamba anaacha kutafuna. Masikio yanasimama. Anasikiliza. Ncha ya mkonga inainuka na kukuelekea, inanusa. Anaweza kuning'iniza mguu mmoja wa mbele, akiupeleka mbele na nyuma bila kuukanyagisha, au kujigusa uso na mdomo kwa mkonga, au kung'oa nyasi asizile. Huyo anasitasita, anapima. Wengi wanadhani ni tembo mpole anayecheza. Hapo usisogee mbele hata hatua moja. Subiri. Mara nyingi anarudi kula.

Akikuonya, anakugeukia uso kwa uso, ananyanyua kichwa mpaka anakutazama juu ya pembe zake, anatanua masikio, anatikisa kichwa, anapiga mbiu, anakimbia hatua kadhaa na kusimama ghafla. Mbio za namna hiyo mara nyingi ni za kutisha tu. Kama injini imezimwa na yeye yuko mbali, tulia. Kama anarudia, ondoka polepole, bila kuunguruma.

Aliyekusudia hali yake ni nyingine: kichwa kimeshuka, masikio yamelazwa nyuma, mkonga umekunjwa kuelekea kifuani, na mara nyingi hana sauti. Huyo hazungumzi na wewe tena. Ondoka, na ndiyo maana gari lilikuwa limeelekezwa kwenye njia ya kutokea. Lakini usifikiri ngazi hizi zinafuatana kila mara. Jike mwenye ndama mchanga anaweza kuziruka zote.

Madume wazima mara kwa mara huingia katika kipindi cha joto la kutafuta majike. Utamtambua kwa majimaji yanayochuruzika kati ya jicho na sikio mpaka yanachora mstari shavuni, mkojo unaodondoka kila anapotembea na kulowanisha miguu ya nyuma, harufu kali, na mwendo wa kichwa juu kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Dume mkubwa anafika tani 5 au 6. Ukimwona katika hali hiyo, hata kama yuko mita 100 na anaonekana hana habari na wewe, mwachie barabara. Geuza. Usimsubiri apite.

Na mkumbuke historia yao. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000, na eneo la Ruaha na Rungwa liliumia vibaya. Jike mwenye miaka 30 unayemtazama leo aliiona miaka hiyo; huenda alimpoteza mama yake na kiongozi wa kundi lake. Majike wengi wazima hapa hawana pembe, kwa kuwa majangili waliwaua wenye pembe na wasio nazo wakabaki kuzaa. Jike yule aliyesimama mlangoni kwangu alikuwa na kila sababu ya kutuchukia, akatupisha. Nikiona gari linamfukuza tembo ili mtu apate picha, ninachokumbuka ni macho yake.

8. Wakikujia wenyewe

Ukikaa kimya pembeni, siku moja watakusogelea, na utasikia matumbo yao yakinguruma. Usiwashe gari. Usipige picha yenye mwanga. Funga vioo polepole kama umeshika chakula. Pumua. Watoto waambiwe tangu asubuhi kwamba hakuna kupiga kelele wala kuinuka kitini, na mtoto asiyeweza kutii hilo asipelekwe karibu. Mtazameni tembo kwa mbali.

Usikae kamwe kati ya mama na ndama. Kundi likivuka barabara, simama mbali, hesabu mpaka wa mwisho, kisha ngoja tena. Mara nyingi kuna mmoja aliyechelewa, na huyo akikuta gari limeingia kati yake na wenzake anachanganyikiwa.

Usijaribu kushindana naye mbio kwenye mchanga. Anakimbia kilomita 25 kwa saa au zaidi, na hana tairi la kuzama.

9. Ukinasa mchangani

Kabla ya kuvuka mto mkavu, simama ukingoni utazame pande zote mbili za mto. Shusha upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi kama 22, ingiza gia ya nguvu, vuka kwa mwendo mmoja bila kubadilisha gia katikati. Ng'ambo jaza tena.

Likizama, acha mara moja kukanyaga mafuta. Kila mzunguko unachimba kaburi. Hapo utalazimika kushuka, basi kwanza kaeni dakika tano mkitazama na kusikiliza. Mmoja abaki juu na darubini, kazi yake ni kutazama tu. Mwingine achimbe mbele ya tairi na kulaza zulia. Usikate matawi ya miti. Tembo wakitokea, hata mbali, wote rudini ndani, mfunge milango, msubiri. Gari litatoka baadaye.

10. Usiku kambini

Kambi ya Msembe haina uzio. Tembo hupita kati ya mahema, na huinua miguu kuruka kamba kwa uangalifu wa ajabu. Kinachowafanya waingilie hema ni matunda. Machungwa, maembe, ndizi mbivu: usivilaze hemani, wala garini na kioo kikiwa wazi. Tembo akinusa chungwa atalifuata, na bati la gari si kizuizi kwake. Mimi siku hizi sibebi matunda kabisa, nabeba karanga na viazi.

Kojoa kabla hamjalala, fungeni zipu, na ukisikia majani yakikatwa karibu na kichwa chako usitoke wala usimulike. Lala ukisikiliza. Kuna sauti ya chini ambayo mwili unaihisi kabla ya sikio. Mke wangu anasema ni kama gari la mbali linalopanda mlima.

11. Daftari

Andika. Tembo asiyeandikwa anabaki kuwa "tembo mmoja mkubwa". Andika saa, mahali, idadi, na kwa kila mkubwa andika masikio: wapi pamechanika, wapi pana tundu, maana hayo hayabadiliki kama picha ya kitambulisho. Pembe iliyochakaa zaidi ni ile anayoitumia kwa kazi, kama sisi na mkono wa kulia au wa kushoto. Paji la dume ni la mviringo likitazamwa ubavuni. La jike lina kona. Ndama anayepita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama hajatimiza mwaka.

Nina jike mmoja mwenye mpasuko mrefu sikio la kushoto ambaye nimemwandika safari nne tofauti, kila mara karibu na kona ile ile ya Mwagusi. Mara ya mwisho alikuwa na mtoto mpya. Mimba ya tembo ni miezi 22, kwa hiyo nilipomtazama mwaka juzi akichimba peke yake pembeni ya kundi, huenda alikuwa tayari amembeba.

12. Kutoka

Siku ya nne toka asubuhi. Pitia kwa askari umweleze ulichokiona, hasa tembo anayechechemea, mwenye waya mguuni, au mzoga. Mpe saa na alama ya barabara uliyoandika. Afande atakuuliza maswali. Mjibu kwa usahihi na usiongeze chumvi, kwa sababu watu watatumwa huko kwa miguu.

Jaza upepo wa tairi urudi 35 kabla ya barabara kuu. Kati ya Tungamalenga na Idodi, kama umechelewa na jua linakaribia kuzama, endesha polepole na utazame upande wa mahindi. Saa hizo ndipo tembo wanapoanza kutoka vichakani, na wakulima nao wanaelekea kwenye madungu yao kulinda shamba, wakiwa na tochi na madebe.